Walivyonilisha Wanangu

Kwa mujibu wa kitambulisho changu cha taifa, nilizaliwa tarehe moja mwezi wa saba. Mama yangu, ambaye siku hiyo alikuwepo, alisema nilizaliwa wakati wa palizi, na kila mtu wa Dodoma anajua kwamba mwezi wa saba hapa hakuna kinachopaliliwa isipokuwa vumbi. Lakini karani alikuwa amechoka na foleni ilikuwa ndefu, basi akanipa tarehe ileile aliyowapa waliotangulia. Nusu ya wazee wa Hombolo tumezaliwa siku moja.

Wanangu watatu walipogundua kwamba kitambulisho kinatimiza miaka sabini, wakaamua kunilisha. Denis, mkubwa, ndiye aliyepiga simu.

"Mama, siku yako unataka nini? Sema chochote."

"Njooni nyumbani tule," nikasema.

Akacheka kwa upole. "Mama, hilo tuachie sisi."

Nikawaachia. Kosa langu. Denis yuko wizarani, kule Mtumba, na mtu wa wizarani hawezi kunywa chai bila kikao. Ikaundwa kamati. Ruthu, wa pili, mwalimu wa sekondari mjini, akapewa mapambo. Anna, kitinda mimba, anayeuza nguo Dar, akapewa sare. Na mwenyekiti wa kamati, kwa sababu ana gari na hajui kusema hapana, akawa Stanley Matonya, mume wa Ruthu.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo wanangu wote watatu wangeweza kulieleza kama wangekuwa hawajasoma sana. Kwetu sisi Wagogo, kwa jinsi nilivyolelewa mimi, mama hali mbele ya mume wa binti yake, na mkwe hali mbele ya mama wa mke wake. Kufungua mdomo na kutafuna huku mkwe anakutazama ni sawa na kutoka bafuni bila kanga. Najua siku hizi wapo wanaokula meza moja na wakwe zao na kupokezana chumvi. Mungu awabariki. Mimi si wao, na Stanley, mtoto wa kijiji cha Zuzu aliyelelewa na bibi yake, si wao pia.

Miaka kumi na minane amekuwa mkwe wangu na hatujawahi kuonana tukitafuna. Akija Hombolo hukohoa mara mbili nje ya ua, ili kama nina kitu mdomoni nimeze. Chakula chake hupelekwa sebuleni, changu nakilia jikoni. Akitaka kuongezewa hukohoa mara moja, nami humtuma mtu. Tumeelewana kwa kikohozi kuliko watu wengine wanavyoelewana kwa simu.

Wanangu mila wanazipenda sana. Ikifika Nane Nane, pale Nzuguni, hupiga picha na wacheza ngoma na kuandika chini yake kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ila hili la kula waliliweka katika fungu la mambo ya zamani, pamoja na redio ya baba yao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Anna alilala kwangu usiku wa kuamkia, na asubuhi akaninyang'anya kiporo mkononi.

"Mama, usile! Utashiba halafu chakula chote kile kitaliwa na nani?"

Nikaondoka nyumbani na kikombe kimoja cha uji wa uwele, nilichokunywa saa kumi na moja alfajiri kabla hajaamka. Nilikuwa mpishi wa chuo cha serikali za mitaa kwa miaka ishirini na saba. Nimelisha madiwani, watendaji na wanafunzi wasiohesabika, na sijapata kumwambia mtu yeyote asile kwa sababu anakwenda kula.

Kwenye gari, Anna hakuweza kuvumilia. Hajawahi kutunza siri tangu akiwa na miaka minne.

"Mama, nikikwambia kitu utajifanya umeshtuka?"

"Nitajitahidi."

"Mwisho wa sherehe utapewa ufunguo. Unahamia mjini! Kwa dada Ruthu, pale Kisasa. Shemeji amekujengea chumba chako, kina choo ndani. Shamba la zabibu tumeshapata mtu wa kuliangalia. Hutashika jembe tena, mama. Utakuwa unakula na kulala tu."

Nikatazama nje. Mizabibu ya watu ilikuwa inapita dirishani, mingine imeshakatwa matawi, na yangu nilikuwa nimefika mstari wa sita. Kula na kulala tu, katika nyumba ya mkwe wangu. Kulala ningeweza.

Niseme wazi, moyo uliniuma. Kumkatalia mwanao zawadi chumbani ni jambo moja. Kumkatalia mbele ya ukumbi mzima, kipaza sauti mkononi, ni kumvua nguo hadharani, na wanangu wanalijua hilo. Ndiyo maana walikodi ukumbi.

Tulifika saa saba kamili kama kadi ilivyosema. Shughuli ikaanza saa tisa. Ukutani walikuwa wamening'iniza zabibu za plastiki, za zambarau na kijani, vichala kwa vichala, kwa heshima ya mkulima wa zabibu. Wanangu, mkwe na wajukuu walivaa fulana zenye sura yangu kifuani na maneno "Malkia Wetu". Picha waliyotumia ni ile ya kitambulisho. Malkia alionekana kama anayesubiri kusomewa mashtaka.

Nikapelekwa meza kuu. Viti vilikuwa viwili tu, vimefungwa vitambaa vya dhahabu. Kimoja changu. Cha pili, sentimita thelathini kutoka changu, cha mwenyekiti wa kamati.

Stanley alikuja akitazama viatu vyake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe," nikajibu, nikitazama zabibu za plastiki.

Akakaa. Akakisogeza kiti chake kushoto. Mpiga picha akaja akakirudisha, kwa sababu hatukuwa tunaenea kwenye picha moja.

MC Charles alishika kipaza sauti na kupiga kelele "Mbukwenyi!" Yeye ni wa Mbeya, lakini alikuwa ameambiwa kwamba salamu hiyo ya Kigogo inatosha. Kisha zikaja hotuba. Denis alisoma historia ya maisha yangu kurasa nne, nikajifunza mengi. Nilikuwa sijui, kwa mfano, kwamba niliipenda kazi ya upishi kwa sababu ya "shauku ya kuhudumia jamii". Nilikuwa nafikiri ni kwa sababu baba yao alikufa Denis akiwa darasa la sita.

Saa kumi na nusu chakula kikaja. Kilikuwa kingi, siwezi kusema uongo. Pilau, ambayo ilikuwa imeshika chini, niliinusa tangu iko mlangoni. Kuku. Ndafu, mbuzi mzima amekaa kwenye sinia na majani mdomoni, mzuri kiasi kwamba tumbo lilinguruma na mwenyekiti akajifanya hajasikia. Na mlenda, kijiko kimoja kimoja ndani ya vikombe vya kahawa, ili wageni waonje asili.

Ruthu mwenyewe alituletea sahani mbili, akaziweka mbele yetu, akasema, "Karibuni mle, wapendwa wangu," akarudi mbio kwenye mapambo.

Sahani zikakaa na sisi tukakaa. Ukumbi mzima ulikuwa unakula, watu mia na ushee, vijiko vinagongana, na mbele yao, juu ya jukwaa, chini ya taa za rangi, mimi na Stanley tulikuwa tunatazama pande mbili tofauti. Mimi nilijua idadi ya zabibu upande wa kulia. Yeye bila shaka alijua upande wa kushoto. Mara mbili nilisikia koo lake likimeza mate. Nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka kujionea na mimi.

Denis alipita na simu yake, akinirekodi. "Mama, chakula kitamu?"

"Kinaonekana kitamu sana," nikamjibu.

"Umesikia hiyo!" akamwambia mwenzake, akapita.

Kisha mhudumu akaja kuondoa vyombo. Alitazama sahani zilivyojaa akadhani ndiyo kwanza zimeletwa, akaondoka, akarudi, akauliza kama tumemaliza. "Tumeshiba," tukasema wote wawili kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana jambo bila kukohoa.

Sasa ikaja keki. Nilikuwa nimeisahau keki. Mwanadamu hawezi kuomba dua dhidi ya kila kitu.

Siku hizi hakuna sherehe bila kulishana. Unachoma kipande kwa kijiti, unamwekea mwenzako mdomoni, mpiga picha anasema subiri, mwenzako anabaki amefumbua mdomo hadi mwanga uwake. Nilimlisha Denis, nikamlisha Ruthu, nikamlisha Anna. Walipotaka kunilisha mimi nilisema mtoto wa kwanza asubiri, niwalishe wajukuu kwanza. Nilikuwa navuta muda. MC hakuwa na habari hiyo.

"Na sasaaa," akaimba, "mtu aliyefanikisha shughuli hii! Mama mzaa chema atamlisha mkwewe, na mkwe atamlisha mama! Mwenyekiti, sogea hapa! Wote tusimame!"

Wote wakasimama. Muziki ukawekwa. Anna akanitia kijiti mkononi, keki imekaa kwenye ncha. Wazee wachache wa Hombolo, meza ya nyuma kabisa, hawakupiga makofi. Mmoja alijifunika uso kwa kofia.

Stanley alisimama. Jasho lilikuwa limemlowanisha Malkia wa kifuani hadi mashavuni. Alipiga hatua moja, ya pili, akafika, akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, na macho yake yalikuwa ya mtu anayezama. Kisha akatoa simu mfukoni, ambayo haikuwa imelia, na kioo chake kilikuwa cheusi kama sufuria, akaiweka sikioni.

"Halo? Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo. Sasa hivi, mheshimiwa!"

Akatoka kwa mlango wa jikoni, karibu anakimbia.

"Mkwe ameitwa na serikali!" MC akatangaza, na watu wakacheka, na muziki ukaongezwa. Nikaiweka keki chini. Kumbe mheshimiwa asiyekuwepo ana faida kuliko aliyepo.

Walipoanza kucheza, nikasema naenda msalani. Nikafuata mlango uleule. Jikoni nilimkuta mama mmoja mtu mzima, Mwanasha, Mrangi wa Kondoa, anakwangua sufuria la pilau. Alinitazama mara moja tu. Wapishi tunajuana.

"Hujala," akasema.

"Sijala."

Hakuuliza kwa nini. Alinijazia sahani: ugali, mlenda wa kutosha, paja la mbuzi. "Nenda nyuma ya simtanki, mama. Pana kivuli, hakuna mtu."

Simtanki lilikuwa jeusi, kubwa, limekaa juu ya matofali nyuma ya jengo. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, upepo wa Julai unanipuliza vumbi kwenye mlenda, na nikala. Nilikula kwa mikono miwili. Sijui kama maishani mwangu nimewahi kufurahia chakula namna ile.

Nikiwa katikati ya paja, upande wa pili wa tanki nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Nikameza. "Mkwe?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula, mama."

"Umepewa nini?"

"Mbavu."

"Mimi paja."

"Alhamdulillahi, kama anavyosema huyu mama wa jikoni," akasema Stanley, ambaye ni mzee wa kanisa. Tukatafuna. Tanki lilikuwa pana, kwa hiyo hata kivuli chake sikukiona. Tulikuwa tunakula pamoja, na hatukuwa tunakula pamoja, na hakuna mila iliyovunjika.

"Mama," akasema baada ya muda, "ile habari ya chumba…"

"Naijua. Anna kaniambia."

"Nisamehe, mama. Mimi nilipenda uwe karibu na mtu wakati wa ugonjwa. Lakini walipoleta wazo nilitaka kusema, nikashindwa. Ningekataa, wangesema Matonya hamtaki mama wa mkewe."

"Na mimi nikikataa, watasema mama hamtaki mkwewe."

"Ndivyo, mama."

"Sasa nikihamia, wewe utakuwa unakula wapi?"

"Nilishalifikiria. Mchana kazini. Usiku kwenye gari."

"Kila siku?"

"Mungu akikujalia maisha marefu, ndiyo, mama."

Nikacheka hadi mfupa ukaniponyoka. Yeye naye akacheka, na nikasikia sahani yake ikigonga tanki. Halafu kicheko kikaniishia na machozi yakanilenga. Mtu huyu alikuwa amejenga chumba chenye choo ndani, huku akijua kwamba siku kitakapopata mwenyewe, yeye atahamia garini. Wangu wa kuzaa walikuwa ndani wanacheza na sura yangu kifuani. Nilimpenda Stanley pale nyuma ya tanki kuliko nilivyowahi kumpenda, na ninasema hivyo bila aibu.

"Maliza mbavu zako," nikamwambia. "Chumba niachie mimi."

Niliporudi ukumbini waliniweka mbele. Denis akaleta kisanduku chenye utepe mwekundu, akatoa ufunguo, akatangaza. Watu wakapiga vigelegele. Nilijifanya nimeshtuka, kwa ajili ya Anna. Kisha nikachukua kipaza sauti.

"Wanangu, asanteni. Mungu awazidishie. Kabla sijashika ufunguo nina swali moja dogo. Leo mmenialika kula. Nimekula nini?"

Wakacheka. "Pilau!" akasema Anna. "Ndafu!" akasema Ruthu. "Keki!" wakasema wajukuu. "Mama amekula kila kitu," akasema Denis, na MC akaomba makofi.

Nikamgeukia mpiga picha. "Baba, wewe umenipiga tangu saa saba. Nitafutie picha moja tu nikiwa nakula. Nataka niitundike Hombolo."

Kijana akainama kwenye kamera yake, akaanza kutafuta. Alitafuta. Denis akaenda kumsaidia, akatoa na simu yake. Muziki ulizimwa ili wasikie vizuri, ingawa picha hazisikiki. Nje upepo ulikuwa unapiga turubai.

"Hamna, mama," kijana akasema mwishowe. "Kuna ukiwa umekaa. Nyingi."

"Basi nitafutie ya mwenyekiti."

Akatafuta tena. "Naye hamna."

Ruthu alikuwa wa kwanza kuelewa. Alimtazama mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mafuta ya mbuzi kwenye kifundo cha mkono, kisha akatazama viti viwili vya dhahabu alivyovipanga mwenyewe. Akaweka mkono mdomoni. Denis alichukua muda mrefu zaidi, ana shahada mbili. Lakini naye ilimfikia, nikaona mabega yake yanashuka.

"Chumba ni kizuri, nimeambiwa," nikasema. "Mwekeni mtu anayeweza kula humo. Mimi nina mistari kumi na nne ya mizabibu haijakatwa." Ufunguo nikamkabidhi Anna, ambaye kila akija kutoka Dar hulalamika kwamba godoro langu lina mabonde. Wazee wa meza ya Hombolo wakapiga makofi, wao peke yao, na yule wa kofia akaivua usoni.

Denis akanisogelea. Hakutumia kipaza sauti. "Mama, basi sasa tufanye nini?"

"Nilikwambia kwenye simu."

Tukaenda. Mwanasha alitufungia mabaki ya ndafu kwenye foili, na tulifika Hombolo jua linazama. Niliwasha moto, nikasonga ugali wa uwele, nikaupika mlenda ule unaovutika. Wanangu watatu walikaa chini kwenye mkeka, fulana zimechafuka, sinia moja katikati, na Denis akafokewa na Anna kwa kumaliza nyama upande wake, kama zamani. Nilikula nao. Nilikula mbele yao, waziwazi, na hakuna aliyepiga picha.

Stanley alikuwa kwenye gari, nje ya ua, vioo amepandisha, na sahani yake mapajani.

Tulipofika katikati ya sinia, kikohozi kikasikika kutoka nje. Kimoja.

Denis akainua kichwa. "Shemeji anaumwa?"

"Haumwi," nikasema, nikimkatia bonge kwenye sahani. "Anaomba ugali. Mpelekee."

Denis akanyanyuka, miaka arobaini na sita, akaipokea sahani kwa mikono miwili. Alipofika kwenye geti alisimama kwanza akakohoa.